Jeli ya diklofenaki inapita kwenye ngozi, au kinachoponya ni kuchua? Vidole vya mama vimesikia, kiuno kimegoma

#1 MwanaMpunguzi
Wakuu, mbukwenyi.

Mama yangu analima zabibu hapa Mpunguzi, umri umesogea. Miaka yote hiyo ya kupogoa na kuinama imemwachia vidole vinavyovimba, goti la kulia linalouma na kiuno ndiyo usiseme. Alikuwa anameza diklopa (vidonge vyenye diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe) karibu kila siku mpaka tumbo likaanza kuchoma, na presha anayo. Daktari akamwambia vidonge basi, apake jeli ya diklofenaki.

Sasa nyumbani hatuelewani. Vidole vimepungua uvimbe, siku hizi anafunga vifungo vya gauni mwenyewe. Goti lina nafuu kidogo. Kiuno hakuna kitu. Kaka anasema dawa haipiti kwenye ngozi, kinachosaidia ni kule kuchua. Dada anasema inapita yote na kuingia kwenye damu, kwa hiyo ni yale yale ya vidonge, tumwachishe kabla figo hazijaharibika.

Inapita au haipiti? Na kama inapita, mbona vidole vinasikia na kiuno hakisikii?

#2 Chuma cha Reli
Nimevuta kiti. Wajuzi njooni, na mimi nina bega.

#3 Kizota Fundi
Haipiti. Ngozi Mungu kaiweka izuie vitu. Mimi ni fundi magari, mikono yangu inashinda kwenye grisi na dizeli miaka yote na sijawahi kulazwa. Bibi yangu kule Mvumi alikuwa anachua watu kwa mafuta ya kondoo, mtu analetwa amebebwa anaondoka kwa miguu yake. Hapakuwa na diklofenaki pale. Kaka yako yuko sahihi.

#4 dawa_na_watu
Fundi, salamu. Nipo duka la dawa, swali hili naulizwa sana.

Kweli ngozi inazuia. Kinachozuia hasa ni tabaka la juu kabisa, la seli zilizokufa, ambalo unene wake kwa sehemu nyingi za mwili haufiki hata sehemu tatu za mia za milimita. Seli zimepangwa kama tofali za ukuta, na katikati yake badala ya udongo kuna mafuta. Dawa inayopita ni ile yenye molekuli ndogo na inayoelewana na hayo mafuta. Kipimo wanachotumia wataalamu ni uzito wa molekuli wa 500, ukizidi hapo kupita ni shida. Diklofenaki ni 296, na ndugu zake ketoprofeni 254, ibuprofeni 206. Zote zinapita. Insulini ni kama 5,800, ndiyo maana mgonjwa wa kisukari anachoma sindano na hujasikia jeli ya insulini.

Kwa hiyo kaka amekosea. Ila na dada amezidisha. Mtu akipaka jeli ya asilimia 1 kwenye goti, gramu 4 mara nne kwa siku, dawa inayofika kwenye damu kwa ujumla ni kama asilimia 6 tu ya ile anayopata mtu wa kumeza kidonge cha miligramu 50 mara tatu kwa siku.

Na ile dizeli, fundi, ina vitu vinavyopenya pia. Vaa glavu.

#5 Nesi wa Zamu
Naongezea kwa #4 kwa sababu suala la tumbo linawaponza wengi. Watu wanadhani kidonge kinaleta vidonda kwa vile kinagusa tumbo, basi wanakimbilia sindano. Sindano ya diklofenaki nayo inaleta vidonda. Wagonjwa wa hivyo nimewapokea wodini.

Mwili unatengeneza kemikali zinaitwa prostaglandini. Zikiwa nyingi kwenye goti zinaleta uvimbe na maumivu. Hizo hizo tumboni zinalinda ukuta wa tumbo, na kwenye figo zinasaidia damu kupita vizuri. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini inafanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wake, akapewa Nobel 1982. Diklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu, zote zinafuata njia hiyo. Ikishaingia kwenye damu haichagui, inazuia za goti na za tumbo. Faida ya kupaka ni kwamba kwenye damu inafika kidogo. Daktari wa mama yako alifikiri vizuri.

#6 Mama Wawili Ipagala
Mimi ninapaka kiwiko (mshono, nashona sare za shule) na inasaidia. Nikipaka tu nasikia ubaridi, maumivu yanashuka hapo hapo. Kwa hiyo inapita, tena haraka.

#7 dawa_na_watu
Dada, ule ubaridi bado si dawa. Jeli nyingi zina spiriti ndani, ikikauka ngozi inapoa. Zingine zina mentholi, ambayo inaamsha mishipa ya fahamu inayohisi baridi. Ubongo ukishughulika na baridi, maumivu yanapungua kwa muda. Diklofenaki yenyewe inahitaji saa kadhaa kupenya, na kwa goti lililosagika mtu anapima matokeo baada ya wiki, siyo dakika.

Soma nyuma ya boksi lako. Nyingi zinazouzwa huku ni mchanganyiko wa diklofenaki, mentholi, methili salisileti na mafuta ya kitani. Methili salisileti ni ndugu wa aspirini, ndiyo inayotoa ile harufu ya dawa za kuchua kama Deep Heat. Mtu anayetumia dawa ya kuyeyusha damu ya warfarini asiipake bila kumwambia daktari wake.

#8 Mama Wawili Ipagala
Asante. Nimeangalia boksi, vyote vinne vimo. Sasa kipi kati ya hivyo ndicho kinachonisaidia?

#9 Kizota Fundi
Mikono yako, dada. Unapopaka unachua.

#10 Fizio Makole
Nimefika. Fundi usicheke, una nusu ya hoja. Kusugua kwenyewe kunapunguza maumivu, mguso unapunguza nguvu ya taarifa ya maumivu inayopanda kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana mtoto akijigonga mama anamsugua na kilio kinashuka.

Lakini kwa mama wa #1 mimi naangalia kina. Vidole havina nyama, kiungo kiko karibu kabisa na ngozi. Goti nalo liko juu juu. Kiuno kina mafuta, kina misuli minene, pingili ziko ndani sana. Dawa inayopenya inachukuliwa na mishipa midogo ya damu kabla haijafika huko. Nyonga ni hivyo hivyo. Ushahidi mzuri wa dawa za kupaka uko kwenye goti, mikono na misuli iliyoteguka. Mwongozo wa 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaweka dawa ya kupaka mbele kwa goti lililosagika. Kwa mgongo siwezi kumwahidi mtu.

Na kiuno cha mtu aliyeinama shambani miaka yote mara nyingi tatizo ni misuli na pingili, uvimbe hata haupo. Hapo dawa ya uvimbe inazuia nini?

#11 Mwanachuo Ng'ong'ona
Fizio, hoja ya kina inaeleweka ila mambo si mepesi hivyo. Kuna utafiti wa mwaka 1991, wagonjwa wenye maji kwenye magoti yote mawili. Goti moja lilipakwa jeli ya diklofenaki, la pili jeli isiyo na dawa. Walipovuta maji wakakuta dawa kwenye magoti yote mawili, na lililopakwa lilizidi kidogo tu. Maana yake sehemu kubwa ilizunguka kwenye damu kwanza ndipo ikafika gotini. Kama ni hivyo, basi habari ya karibu na mbali siyo jibu lote.

Pia kuna uchambuzi wa Cochrane (watafiti wanaokusanya majaribio mengi na kuyapima pamoja) kwa magoti yaliyosagika: waliopaka diklofenaki, kama 60 kati ya 100 walipata nafuu kubwa. Waliopaka jeli tupu walikuwa kama 50.

#12 Kizota Fundi
HAYA SASA. Hamsini wamepona kwa jeli tupu! Nilisema nini kwenye #3? Walioniambia nivae glavu waje hapa.

#13 Nesi wa Zamu
Fundi tulia, soma na upande wa pili. Cochrane hao hao, kwa maumivu mapya kama kuteguka kifundo au kukaza msuli, jeli ya diklofenaki ilisaidia karibu watu 8 kati ya 10, jeli tupu 2 kati ya 10. Waliosugua ni wote. Mafuta ya bibi yangeshindana hapo?

Kwa goti la muda mrefu tofauti ni ndogo, sikatai. Lakini mtu mmoja wa ziada kati ya kumi, bila kidonda cha tumbo, kwangu mimi ni jambo kubwa.

#14 Mwanachuo Ng'ong'ona
Nakubali kwa maumivu mapya. Kwa goti bado nina wasiwasi.

#15 dawa_na_watu
Mnazungumzia majaribio, mimi nazungumzia kaunta. Watu wanapaka kiasi gani? Mama Wawili, wewe unaweka kiasi gani kwenye kiwiko?

#16 Mama Wawili Ipagala
Kiasi cha punje ya mahindi. Asubuhi na nikikumbuka jioni.

#17 dawa_na_watu
Nilijua. Kipimo cha jeli ya asilimia 1 kwenye kiwiko au mkono ni gramu 2, kwa goti gramu 4, mara nne kwa siku. Kuna kadi ya kupimia inayokuja na baadhi ya tyubu: gramu 2 ni mstari wa jeli wa sentimita 5.7, gramu 4 ni sentimita 11.4. Chukua rula ya mtoto ukaone. Punje ya mahindi haifiki hata robo yake. Halafu hupaki kwenye ncha ya maumivu tu, unazunguka goti lote, mbele, pembeni na nyuma, na huoshi kwa saa moja.

Sasa piga hesabu. Goti moja gramu 16 kwa siku. Tyubu ya gramu 30 haimalizi siku ya pili. Wateja wangu wanakaa nayo miezi, halafu wanarudi kuniambia dawa haifanyi kazi.

#18 Bodaboda Area A
Tyubu kwa siku mbili? Hiyo dozi ni ya Mtumba kwa waheshimiwa, siyo ya huku kwetu Chang'ombe.

#19 Chuma cha Reli
😂😂 Ila ana hoja. Nani ana hela hiyo kila wiki?

#20 Fizio Makole
Ndiyo maana nawaambia wagonjwa wachague kiungo kimoja kinachowazuia kazi, wapake hicho kwa dozi kamili wiki mbili hadi tatu, kuliko kugawa tyubu moja kwa mwili mzima. Mama wa #1 huenda kiuno kinapata mabaki ya vidole.

#21 Msambaa Mhamiaji
Nimehamia Dodoma na wizara, nilitoka Lushoto. Hamjagusa hali ya hewa. Ngozi yangu huku Juni na Julai inapasuka kwa upepo, miguu inakuwa nyeupe. Ngozi kavu hivi itapitisha nini? Lushoto jeli ilinisaidia mgongo, hapa hainisaidii. Halafu angalieni maduka, bati juu, hakuna feni, mchana ukiingia unatoka jasho. Dawa inapikwa humo. Mimi nasema tatizo ni Dodoma.

#22 dawa_na_watu
Kwenye unyevu uko sawa, ngozi yenye maji inapitisha zaidi. Kupaka muda mfupi baada ya kuoga, ngozi ikiwa imefutwa na safi, ni busara. Kwenye joto pia: nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Jeli iliyotengana maji juu na nzito chini usiinunue. Angalia tarehe ya mwisho na usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania.

Ila nisieleweke vibaya. Kuna watu wakisikia unyevu na joto wanapaka halafu wanafunga na nailoni, au wanaweka chupa ya maji moto juu yake. Hiyo inaongeza dawa inayoingia kupita kiasi na ngozi inababuka. Msifanye.

#23 Fizio Makole
Msambaa, Lushoto ulikuwa unakaa ofisini saa ngapi na hapa unakaa saa ngapi?

#24 Msambaa Mhamiaji
Fizio, usiniletee habari za kiti. 😀 Hapa tunatoka usiku.

#25 Mzee Kikombo
Vijana hamjambo. Nawasoma mnasema dawa na ngozi. Wazee wetu walilijua hili kabla ya maabara. Mganga hakupaka dawa juu ya ngozi akaridhika. Alichanja chale kwa wembe, chale ndogo mbili tatu zilizopangana, akasugua majivu ya dawa mle mpaka damu inachanganyika nayo. Alijua juu kuna kizuizi. Mimi ninazo begani na mgongoni mpaka leo.

#26 Nesi wa Zamu
Shikamoo mzee. Hilo la kizuizi ni kweli tupu. Lakini wembe uleule kwa watu wengi umeleta maambukizi, na jeli hizi haziruhusiwi kwenye jeraha au chale mbichi, zinaingia moja kwa moja na zinaunguza.

#27 Mwanachuo Ng'ong'ona
Shikamoo mzee. Siku hizi maabara zinatengeneza plasta zenye visindano vifupi sana, vinatoboa lile tabaka la seli zilizokufa bila kufika kwenye mishipa ya maumivu, dawa inapita hapo. Mwendo ni ule ule wa chale, bila damu. Kuna na njia ya umeme mdogo unaosukuma dawa yenye chaji ndani ya ngozi.

#28 Mzee Kikombo
Marahaba. Basi wamefika tulikokuwa. Waongeze mwendo.

#29 Bodaboda Area A
Nitoe tahadhari. Mwaka jana nilianguka, nikapewa jeli ya ketoprofeni nipake mkono. Nikapaka nikarudi barabarani, jua hili la Dodoma la saa saba. Baada ya siku chache mkono ukawa mwekundu, malengelenge, mstari umeishia pale pale shati lilipoanzia. Hakuna aliyenionya dukani.

#30 dawa_na_watu
Pole sana. Hilo linajulikana kabisa, ketoprofeni na jua haviendani. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Ulaya ililipitia suala hili na kusisitiza onyo: sehemu uliyopaka ifunikwe na nguo wakati unatumia na wiki mbili baada ya kuacha. Bodaboda, mkulima, mama wa gengeni, waulize kwanza ndani ya tyubu kuna dawa gani. Diklofenaki nayo ina tahadhari ya jua, ila ketoprofeni ndiyo mbaya zaidi.

#31 Ng'ombe Kumi
Mimi ni wa mifugo, Bahi. Nimeona diklofenaki nikakumbuka tumbusi. Kule India ng'ombe walikuwa wanachomwa diklofenaki, wakifa tumbusi wanakula mzoga, figo zao zinakufa. Idadi ya tumbusi ilianguka zaidi ya asilimia 90, na chanzo kilijulikana mwaka 2004. India, Pakistan na Nepal zikaipiga marufuku kwa mifugo 2006. Wafugaji wenzangu, kuna meloksikamu, haina shida kwa tumbusi. Msichome ng'ombe dawa ya binadamu.

#32 Chuma cha Reli
Tulianza na mama wa Mpunguzi, tumefika kwa tumbusi wa India. Uzi huu nauhifadhi.

#33 Mama Wawili Ipagala
Mjamzito je? Mdogo wangu ana miezi sita, mgongo unamsumbua.

#34 Nesi wa Zamu
Hapana. Baada ya wiki 20 dawa za jamii hii ziepukwe, za kupaka pia, mpaka daktari aseme. Zinaweza kuathiri figo za mtoto, na miezi ya mwisho mshipa mmoja wa moyo wake unaweza kujifunga kabla ya wakati. Aende kliniki, wampe paracetamol wakiona inafaa.

MwanaMpunguzi upo? Hukutuambia mama anatumia dawa gani za presha. Dawa za presha za aina fulani pamoja na ya kukojoza maji, ukiongeza diklofenaki ya kumeza, figo zinaelemewa. Kwa jeli hatari ni ndogo ila si sifuri. Na nikuulize jingine: mna uhakika vidonge ameacha? Wazee wengi wanapaka na kumeza kimyakimya, kwa sababu jeli haitoshi na hawataki kusumbua watoto.

#35 MwanaMpunguzi
Wakuu, nimesoma yote, asanteni. Anatumia mbili za presha, mojawapo ni ya maji.

Nesi, umenishtua. Nimempigia dada akaulize kwa upole. Mama kafungua ncha ya khanga, kuna vidonge vya diklopa vimekatwa na mkasi vipande vya viwili viwili, ananunua gengeni. Anasema anameza siku za kupogoa tu. Tyubu nayo imebaki zaidi ya nusu, na ni ya siku nyingi.

#36 Kizota Fundi
Kumbe! Sasa vidole vimeponywa na jeli, vidonge au kuchua?

#37 Fizio Makole
Haijulikani tena. Kama vidonge vingekuwa vinafanya kazi yote, kiuno nacho kingesikia, damu inafika kote. Kwa hiyo mimi bado naipa jeli vidole.

#38 Mwanachuo Ng'ong'ona
Au kiuno hakina uvimbe, kama ulivyosema mwenyewe #10, basi huenda dawa ya jamii hii isingekisaidia sana, iwe ya kumeza au ya kupaka. Hapo vidonge vinaweza kuwa ndivyo vilivyoponya vidole.

#39 dawa_na_watu
Kwanza vidonge vitoke leo, kabla ya ubishi. Kisha jeli ipakwe kwa rula, vidole na goti, kiuno kiachwe. Vidole vikirudi kuvimba tutajua kitu, visiporudi tutajua kingine.

#40 Nesi wa Zamu
Na apimwe figo, ni kipimo cha damu tu. Choo kikiwa cheusi kama lami msingoje asubuhi, mpelekeni. Kiuno kikiambatana na ganzi miguuni au kushindwa kuzuia mkojo, hivyo hivyo.

#41 MwanaMpunguzi
Vidonge tumevichukua, amenuna lakini amekubali. Ganzi hana, choo ni cha kawaida. Jumatatu nampeleka mjini wampime damu na daktari aangalie upya hizo mbili za presha. Rula ya mtoto iko mezani na tyubu mpya, dada ndiye atakayepaka. Kaka kasema bado atamchua kiuno jioni kwa mafuta ya alizeti, nimemwacha.

#42 Fizio Makole
Mwacheni achue. Na siku za kupogoa akae kwenye kigoda kwa mistari ya chini.